UZI: Nembo ya gari inakudanganya, uliza kwanza lilichorwa enzi za tajiri gani

Spana_Namba_10 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila wiki naona mabishano yale yale humu, huyu anasema Volvo siku hizi ni Mchina, yule anasema Land Rover ni Mhindi, mwingine anaingia na "Mjerumani ni Mjerumani tu" afu anatoka. Mi naona wote mnapigana na kivuli. Leo nimekaa nikaamua niandike, ni mrefu, mwenye haraka apite tu hatutagombana.

Hoja yangu ni moja: anayemiliki kampuni leo mara nyingi siye aliyelichora gari lako. Gari jipya toka liko kwenye makaratasi mpaka linatoka kiwandani ni miaka mi4 mi5 hivi, na likishatoka linauzwa miaka 7, mengine 10 na zaidi, mifupa ile ile. Sasa kampuni zinauzwa katikati ya huo muda. Kwa hiyo unakuta gari lina baba wa kambo anayejulikana na kila mtu, ila damu ni ya baba aliyeshahama.

Chukua Range Rover ile ya 2002 mpaka 2012, mafundi wanaiita L322. Hii gari mi naipenda kwa sababu ni kama imepita ndoa tatu. BMW walinunua Rover Group 1994 kwa pauni milioni 800, wakaanza kuichora hii Range. 2000 wakachoka, wakaiuza Land Rover kwa Ford. Gari likatoka likiwa mikononi mwa Ford lakini ndani ni BMW mtupu, V8 ya lita 4.4 ya BMW, dizeli ya lita 3.0 ya BMW, na mambo ya umeme mengi ni ya familia ya 5 na 7 series za wakati ule. Baadae Ford wakang'oa injini za BMW wakaweka za Jaguar kwa sababu Jaguar nayo ilikuwa yao. 2008 Ford akauza Jaguar na Land Rover kwa Tata wa India kwa dola bilioni 2.3, na gari likaendelea kuuzwa mpaka 2012. Bodi moja, jina moja, matajiri watatu. Sasa mtu anakuja anauliza "spea za Range zinapatikana?" bila kutaja mwaka, utamjibu nini? Ya 2004 na ya 2007 ukizipanga pamoja huoni tofauti kubwa, fungua boneti uone, ni watu wawili wasiofahamiana.

Volvo ndo inachekesha zaidi. XC90 ya kwanza ilikuja 2002, Ford alikuwa ameshanunua (1999, dola bilioni 6.45), kila mtu akasema hiyo ni Ford. Wapi! Ile imekaa kwenye platfomu (yaani mifupa ya chini) ya P2 ambayo Waswidi waliiunda wenyewe, S80 ya 1998 ndo ilianza nayo, kabla Ford hajatia mguu. Na XC90 ile ile iliuzwa mpaka 2014, wakati Geely ya China imeshachukua kampuni toka 2010. Kwa hiyo mwenye XC90 ya 2013 anaambiwa ana gari la Mchina, kumbe ana gari la Mswidi wa kale ambalo limewaona matajiri wawili wakipita. Ila sasa jirani yake mwenye S40 ya 2005, anayejisifu kwamba ya kwake ni ya kabla ya Mchina, yeye ndo yuko kwenye platfomu moja na Ford Focus na Mazda3.

Msije mkadhani kushea maana yake mkubwa anamlisha mdogo makombo. Ile P2 ya Volvo Ford waliivuta kwao Marekani wakaifanya D3, wakajengea Ford Five Hundred na Taurus, ikaja kurekebishwa ikabeba Explorer ya 2011. Lile Explorer la polisi wa Marekani la kizazi kile mnaloliona kwenye video linakimbiza wezi, ukoo wake wa chini unarudi kwa wahandisi wa Volvo kule Gothenburg, Sweden.

Kwanini wanashea? Kwa sababu kisichoonekana ndo ghali. Mteja anaona taa, viti, dashibodi. Haoni vyuma vya sakafuni, sehemu injini inapokaa, mfumo wa kupoza hewa na maji, waya, na majaribio ya kugonga ukuta ambayo kila platfomu mpya lazima ipite. VW walipoleta platfomu ya MQB 2012 walichokishikilia kwa nguvu ni kipimo kimoja, toka ekseli ya mbele mpaka kwenye pedeli. Hapo pasiguswe. Kuanzia hapo kurudi nyuma vuta unavyotaka, panua unavyotaka, ndo maana Golf, Audi A3, Octavia na Leon ni ndugu wa tumbo moja na hawafanani sura.

Nimemaliza, karibuni mnipinge.

mkata_mawimbi

Nakupinga mkuu. Kama hoja ni hiyo basi nembo haina maana kabisa? Mbona Lexus LX na Land Cruiser ni mifupa ile ile na mtu anayepanda Lexus anajua kabisa yuko kwenye kitu kingine. Kuzuia kelele, vitambaa, rangi, jinsi mlango unavyofunga. Mi nasema kampuni ikinunuliwa na mgeni kinachokufa ni roho, mifupa haina shida.

Spana_Namba_10

Mkuu hapo kwa Lexus umenisaidia, maana ile ni nyumba moja, baba mmoja, hakuna aliyenunuliwa. Mi naongelea zilizonunuliwa. Kwenye roho sikatai, soma habari za Saab.

BintiGereji

Saab niacheni niisimulie mimi maana inaniuma hadi leo.

GM (General Motors ya Marekani) walichukua nusu mwishoni mwa 1989, 2000 wakameza yote. 900 ya 1993/94 ikawekwa kwenye platfomu ya Opel Vectra, maana Opel nayo ilikuwa ya GM. Wahandisi wa Saab kule Trollhättan, Sweden, walikuwa wabishi, wanapewa platfomu ya Opel wanaanza kuibadilisha wenyewe, hiki hakifai, kile hakifai, mpaka faida ya kushea inapungua na mabosi Marekani wanakasirika. Mwishoni wakaona isiwe tabu, wakachukua Subaru Impreza, wakabadilisha pua na viti wakaiita Saab 9-2X, ikawa inatoka kiwanda cha Subaru Japani (GM wakati huo alikuwa na 20% ya kampuni mama ya Subaru). Afu wakachukua Chevrolet Trailblazer wakaiita Saab 9-7X, na kitu walichohangaika nacho ni kuleta swichi ya funguo katikati ya viti viwili, kwa sababu Saab funguo inakaa pale. Yaani roho ya Saab kwa GM ilikuwa ni tundu la funguo!! Watu wa Saab wanajua kutofautisha, hawakununua.

2010 GM akawauzia Spyker, kampuni ndogo ya Uholanzi, hela ikaisha. Wachina walitaka kununua, GM akakataa kwa sababu teknolojia ndani ya yale magari ni yake na hakutaka iende kwa mshindani wake kule China. Desemba 2011 wakafilisika. Hapo ndo muone mtego wa kushea, unauza kampuni ila vyuma vya ndani bado vina mwenyewe, na mwenyewe akisema hapana hakuna mauzo.

Kisiki_cha_Mpingo

Dada umeandika vizuri sana. Niongezee kidogo, zile hisa za Subaru GM aliziuza 2005, sehemu ikachukuliwa na Toyota. Toyota akaanza taratibu, leo anazo kama 20%, na matunda yake ni ile Toyota 86 na Subaru BRZ, injini ya Subaru ya kulala (silinda zimelala ubavu), zinatoka kiwanda kimoja cha Subaru. Kwa hiyo GM alipokuwa anakimbia madeni ndo aliacha mlango wazi wa hiyo gari kuzaliwa. Dunia hii.

dereva_mstaafu

Na Supra mpya je? Nimesikia ni BMW.

Kisiki_cha_Mpingo

Ndio mzee wangu, Supra ya 2019 na BMW Z4 ni pacha, injini ya B58 ya BMW, na zimeunganishwa Austria na Magna Steyr, si Toyota si BMW. Lakini pale hakuna aliyemnunua mwenzie, ni makubaliano tu ya kugawana gharama kwa sababu gari la viti viwili halina wateja wa kutosha kulilisha peke yake.

mkata_mawimbi

Kwa hiyo hata mimi naweza kusema nina Bentley kwa sababu nina VW 😂

BintiGereji

Inategemea VW gani mkuu, Touareg mpya iko ukoo mmoja na Bentayga ya Bentley, Urus, Cayenne na Q7. Sema usijaribu kumwambia mwenye Bentley.

Spana_Namba_10

Bentley mmenikumbusha kisa ambacho kila nikikisoma nacheka. 1998 Vickers ya Uingereza wanauza Rolls-Royce na Bentley kwa pamoja. BMW na VW wanagombania. VW anaweka pauni milioni 430 anashinda, anapata kiwanda cha Crewe, wafanyakazi, michoro, yule mwanamke wa fedha anayekaa kwenye boneti, grili, kila kitu. Isipokuwa jina. Jina "Rolls-Royce" lilikuwa mali ya kampuni ya injini za ndege, na ile kampuni ilikuwa rafiki wa BMW, ikampa BMW leseni ya jina kwa pauni milioni 40.

Halafu subirini utamu. Injini za hizo gari mpya za 1998 zilikuwa zinatoka wapi? BMW! V12 kwenye Silver Seraph, V8 kwenye Bentley Arnage. Kwa hiyo VW kanunua nyumba, jina hana, na umeme wa nyumba unatoka kwa jirani aliyemzidi kete. Ikabidi wakae mezani, BMW akaendelea kutoa injini na kumruhusu atumie jina mpaka mwisho wa 2002, kuanzia Januari 2003 Rolls-Royce ni ya BMW na kiwanda kipya kabisa Goodwood, VW akabaki na Crewe na Bentley. Ndo maana nasema usiniambie nani mwenye hisa, niambie nani anatengeneza injini na nani ana karatasi za jina.

fundi_wa_usiku

Mi ni fundi, haya mambo ya hisa siyajui sana ila naomba niwape upande wa spana maana naona wengi mtaondoka hapa mkaenda kununua spea za gari lingine mkaumia.

Kushea platfomu SIYO kwamba spea zinaingiliana. Mfano gia boksi ya ZF 8HP ilianza 2009, iko kwenye BMW, Audi, Jaguar, Range Rover, Jeep, Bentley, Rolls, karibu kila mtu. Ukifungua ndani utaona vitu vingi vinafanana, ila nyumba yake ya nje ni tofauti, inavyoshikana na injini ni tofauti, na kontroli boksi ina programu ya gari lake. Huwezi kutoa ya Jeep ukaibandika kwenye BMW uondoke. Kinachoingiliana kirahisi ni vitu vya kubadilisha mara kwa mara, oil ya aina ile ile, filta, bush, bearing za miguu, sensa za breki, nazo mpaka ulinganishe pati namba iliyoandikwa kwenye kitu chenyewe. Namba ya kwenye boksi la spea haitoshi.

Mimi mwenyewe nilishawahi kuingia mkenge. Mteja ana gari la kifahari, nikamwambia usinunue kwa bei ile, hii ni ile ile ya gari dogo la ukoo wake. Wotapampu nikailinganisha kwa macho, bolti zimekaa, mikono imekaa, nikafunga. Baada ya wiki mbili akarudi injini inachemka kwenye foleni. Kumbe mapanga ya ndani ni madogo kidogo kwa sababu lile gari dogo lina injini ndogo. Nilirudisha hela na pampu nikanunua mimi. Toka siku hiyo sifungi kitu kwa kufanana.

dereva_mstaafu

Pole fundi, angalau wewe ulirudisha hela.

Tembo_Mweupe

Fundi kaongea ukweli ila kuna upande mwingine hamjausema, MAGONJWA nayo yanashewa. Mkishea injini mmeshea na homa zake. Ile gia boksi ya VW ya klachi mbili kavu, ya gia 7, DQ200, ilikuwa kwenye Golf, Octavia, A3, Leon na kina fulani wengi, 2013 China peke yake yaliitwa yarudishwe magari zaidi ya laki 3 na 80 elfu. Hapo haijalishi ulilipia nembo gani, ugonjwa ni mmoja.

Na Opel ndo mfano mbichi. GM ameuza Opel na Vauxhall kwa PSA ya Ufaransa (wenye Peugeot) 2017. Wakati huo Opel walikuwa wameshaichora Corsa mpya kwenye vyuma vya GM, imekaribia kabisa, Wafaransa wakaitupa kapuni, wakasema anzeni upya kwenye platfomu yetu. Corsa ya 2019 ikatoka pacha na Peugeot 208. Kwa nini? Kwa sababu ukibaki na vyuma vya GM unamlipa GM kila gari linalotoka. Sawa kibiashara, ila na ile injini ya 1.2 PureTech ikaingia, ambayo taimingi belti yake inaogelea ndani ya oil. Belti ikianza kumomonyoka vipande vinaziba chujio la pampu ya oil, oil haipandi, injini inakufa. Kampuni ikaja kuongeza waranti hadi miaka 10 au kilomita 175,000 kwa hilo tatizo. Mtu aliyekuwa mteja wa Opel miaka 20, hajawahi kuugusa ugonjwa wa Peugeot, kaamka siku moja anao.

mkata_mawimbi

Duh. Hii sasa inatetea hoja yangu kwamba mgeni akinunua anaharibu.

Kisiki_cha_Mpingo

Hapana mkuu, usichague mifano. Škoda walikuwa wanachekwa Ulaya nzima kabla VW hajaingia 1991, leo nani anacheka Octavia? Na hao Volvo mnaowalilia, 2009 mwaka wa mwisho kamili wa Ford waliuza kama magari laki 3 na 35 elfu dunia nzima. 2019 chini ya Geely wakauza zaidi ya laki 7. Geely walichofanya kikubwa ni kutoa hela na kuwaachia Waswidi wachore, XC90 ya 2014 ilikuja na platfomu mpya ya SPA na injini mpya za silinda 4 walizobuni wenyewe. Ford alikuwa anawaambia chukueni ya kwetu mpake rangi.

Tofauti ninayoiona mimi iko kwenye swali moja, mnunuzi ana vyuma vyake vya kukulazimisha au hana? GM, Ford, PSA walikuwa navyo vimejaa, lazima watake uvitumie. Geely na Tata wakati ule hawakuwa na cha kumpa Volvo au Range Rover, kwa hiyo wakawaacha.

Spana_Namba_10

Kisiki hapo umenipita, hilo sikuwa nimelifikiria. Na inaelezea kwanini sasa hivi mambo yanabadilika, maana Geely ya leo inavyo vyuma. Volvo EX30 imekaa kwenye SEA ya Geely, platfomu moja na Zeekr X na Smart #1. Zamani Mchina alikuwa mwenye hela, siku hizi ni mwenye hela na mwenye mifupa. Hapo sasa yule anayesema Volvo ni Mchina kwa EX30 nitamwachia pointi yake, ila kwa XC90 ya 2013 simwachii.

Na Tata nao, huachwi huru siku hiyo hiyo ukisaini. Jaguar Land Rover imeuzwa 2008 lakini petroli V8 zake ziliendelea kutoka kiwanda cha Ford cha Bridgend, Wales, mpaka 2020 kiwanda kilipofungwa. Miaka 12 baada ya talaka bado unakula kwa mtalaka wako.

Sauti_ya_Jogoo

Samahani wakuu swali la kijinga. Kwa hiyo malori ya Volvo nayo ni ya Mchina?

BintiGereji

Siyo la kijinga kabisa. Hapana, ni kampuni mbili. 1999 walichouza ni upande wa magari madogo. Malori, mabasi na mitambo vilibaki AB Volvo, na jina wanalimiliki pamoja kupitia kampuni ndogo ya kulinda nembo. Geely alikuja kununua kama 8% ya hisa za AB Volvo, tangazo la mwisho wa 2017, lakini hiyo haimfanyi mwenye lori.

Sauti_ya_Jogoo

Asante dada, kuna mtu alinishinda ubishi kwa hilo na alikula soda yangu.

Mwana_wa_Pwani_77

Uzi mzuri sana, nimesoma wote. Mi namshukuru Mungu yangu haina hizo drama. Nina Mini One ya dizeli ya 2004, hiyo BMW alibaki nayo mwenyewe alipowatupa wengine wa Rover, Mjerumani safi kuanzia tairi mpaka antena.

fundi_wa_usiku

😂😂😂

Tembo_Mweupe

Fundi mwambie wewe, mi siwezi.

fundi_wa_usiku

Mkuu Mwana wa Pwani, kwanza kaa. Zile Mini za petroli za 2001 mpaka 2006 injini yake inaitwa Tritec, BMW na Rover yake waliitengeneza kwa ubia na Chrysler wa Marekani, kiwanda kilikuwa Brazil. Ya kwako ya dizeli ni lita 1.4 au siyo?

Mwana_wa_Pwani_77

Ndio 1.4. Usiniambie ni ya Chrysler.

fundi_wa_usiku

Si ya Chrysler. Ni Toyota. 1ND, ile ile ya Yaris D-4D. Toa kava la juu la plastiki uangalie mwenyewe.

Mwana_wa_Pwani_77

Ngoja nishuke chini na tochi.

dereva_mstaafu

Tupo tunakusubiri.

Mwana_wa_Pwani_77

Nimerudi. Kwenye alternata imeandikwa Denso, ukoo wa Toyota.

Kwanini hakuna mtu aliyeniambia mapema, mi nimekuwa nanunua filta ya oil kwa bei ya Mjerumani miaka yote hii. Fundi ile filta ya Yaris inaingia?

fundi_wa_usiku

Nitajie pati namba iliyoandikwa kwenye uliyonayo sasa, usiniambie zinafanana.